Mwalimu Makorokoro na watoto wanaokimbia kengele ikilia

Saa moja kasoro robo asubuhi. Nyasi za uwanja wa shule bado zina umande, na mlinzi hajamaliza kufungua madirisha. Mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi pembeni anaingia chumba cha mwisho, kile kinachopakana na stoo. Anainamisha gunia juu ya meza ndefu, na ghafla meza inajaa vurugu.

Kufuli lisilo na ufunguo. Mwavuli uliovunjika mbavu mbili. Pampu ya baiskeli. Redio isiyo na mgongo. Mzani wa jikoni unaodai kwamba hewa tupu ina uzito. Saa ya ukutani iliyosimama saa nne, na haijulikani kama ni saa nne ya asubuhi au ya usiku.

Havipangi. Anausogeza mwavuli kidogo ukae juu ya redio, anarudi nyuma, anatazama, anacheka peke yake.

"Ukivipanga, mtoto anaona duka," anasema. "Ukivimwaga, anaona kazi."

Mlangoni vimeshatokeza vichwa vitatu.

"Shikamoo mwalimu. Leo kuna kipya?"

"Marahaba. Kipya hakuna, vyote vibovu. Ingieni."

Watoto wanamwita Mwalimu Makorokoro, na yeye hakasiriki. Jina hilo limezoeleka mpaka kuna mtu aliliandika kwenye ratiba ya zamu katika chumba cha walimu, na hakuna aliyelifuta.

Kazi yake, ukiacha masomo mengine anayofundisha, ni kusimamia darasa la vipaji. Ni darasa dogo la watoto wa darasa la tano wanaoelewa upesi, wale ambao mwalimu akianza kueleza, wao wameshafika mwisho wanamsubiri. Wanakutana mara mbili kwa wiki. Wanafungua vitu, wanapima, wanachora, wanabishana. Mwisho wa mwaka wanakwenda kushindana na shule nyingine, na wapo waliopata nafasi nzuri za sekondari kwa njia hiyo.

Kwa hiyo kila mzazi anataka mwanawe awemo. Lakini viti ni ishirini, na darasa la tano lina watoto zaidi ya mia mbili.

"Watu huniuliza ninawafundisha nini mle ndani," anasema mwalimu. "Hilo si swali. Swali ni nani ameingia, na nani amebaki nje anachungulia."

Ana kitendawili chake ambacho huwategea walimu wageni: Ninacho tangu kuzaliwa, wenzangu wote wanakiona, mimi mwenyewe sijawahi kukiona. Jibu ni kisogo. Wageni wakishajibu, huwaambia kwamba na kipaji cha mtoto kiko hivyo hivyo. Yeye hakioni. Lazima awepo mtu wa kusimama nyuma yake na kutazama.

Zamani, waliosimama nyuma na kutazama walikuwa walimu wa madarasa. Kila mmoja alipeleka majina ya watoto wake bora. Mwaka aliokabidhiwa kazi hiyo, Mwalimu Makorokoro alisimama mbele ya watoto ishirini waliochaguliwa, akawatazama kuanzia kichwani kushuka chini. Alipofika miguuni, akashtuka.

"Wote walikuwa na soksi," anasema. "Nyeupe, zimepanda mpaka juu. Shule hii nusu ya watoto hawana soksi. Nikajiuliza, kumbe kipaji kinakaa kwenye soksi?"

Hakuna mwalimu aliyekusudia ubaya, anasema. Ukiambiwa utaje mtoto hodari, ulimi unakwenda kwa aliyekaa mbele, mwandiko safi, mama yake unamjua. Yule wa nyuma anayeuliza maswali yasiyo na kichwa wala miguu, unamwita msumbufu.

Ndipo alipoleta gunia. Kila mwaka, kwa wiki moja, watoto wote wa darasa la tano hupita kwenye meza ya makorokoro, kipindi cha mwisho cha siku. Hakuna mtihani, hakuna alama. Wanaambiwa waguse wanachotaka. Kengele ikilia, wenye kutaka kwenda wanakwenda. Yule ambaye kengele imelia na bado kidole chake kimo ndani ya kufuli, huyo ndiye aliyekuwa akitafutwa.

Walimu wenzake walicheka mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili wakaacha. Darasa lilibadilika: aliingia mtoto wa muuza mkaa, akaingia mwingine aliyekuwa akirudia darasa. Shule za jirani zikamwita mwalimu aende akaeleze siri yake.

"Nilivimba kichwa," anasema. "Nilijiona nimemaliza. Nilidhani nimepata mizani isiyoonea mtu."

Kisha muhula huu, Jumatatu ya pili baada ya majina mapya kubandikwa ukutani, likaja toroli.

Mwalimu mkuu anasema alilisikia gurudumu likilia kabla hajaona mtu. Mlangoni kwake akatokea bibi mmoja, mshonaji wa sare, jasho linamtiririka na hasira imemtangulia. Nyuma yake msichana mwembamba alikuwa akisukuma toroli lililobeba cherehani.

"Mwalimu wa kubomoa ni nani hapa?" bibi akauliza.

"Karibu, bibi. Hapa hatubomoi, tunafundisha kusoma."

"Kusoma? Basi cherehani yangu imesomwa mpaka mifupa! Nimekwenda kupeleka nguo za watu, narudi, nakuta mtoto huyu kaketi katikati ya vyuma kama muuza vitunguu. Namuuliza, ananiambia ameona shuleni kwamba vitu vinafunguliwa. Haya. Nileteeni huyo anayefungua."

Msichana huyo wenzake wanamwita Risasi, kwa sababu kengele ya mwisho ikilia humwoni yeye, unaona vumbi. Siku hiyo alikuwa ametazama chini, mikono imeshika toroli kana kwamba litamtoroka.

Mwalimu Makorokoro aliitwa. Bibi akafungua fundo la kitambaa, akatoa skrubu moja ndogo, akaiweka juu ya meza ya mwalimu mkuu.

"Cherehani amekwisha kuifunga, hii imebaki. Nielezeni hii ni ya wapi. Isije ikanifia katikati ya sare za watu."

Mwalimu hakuitazama skrubu. Alimtazama msichana.

"Ulifungua mwenyewe, mwanangu?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa inaruka mishono. Bibi anashona, halafu anafumua, halafu ananuna."

"Mimi nanuna?" bibi akaruka.

"Kidogo."

"Ukaona nini ndani?" mwalimu akaendelea.

Msichana akainua mkono mmoja, akaufanya sindano. Mkono wa pili akaukunja kidole, akaufanya ndoano ya chini. "Sindano ilikuwa inaishia juu. Ndoano ikipita kuchukua uzi, uzi bado haujafika. Wanapishana. Nikalegeza chuma cha sindano, nikakishusha kidogo, wakakutana."

"Na skrubu hii?"

"Nimeikuta. Ilikuwa imelala kwenye mafuta, ndani kabisa. Haikufunga kitu."

Bibi akaichukua tena skrubu yake, akaigeuza geuza karibu na jicho.

"Ina maana yule fundi wa mwaka juzi alinirudishia cherehani yenye mimba?"

Ofisi nzima ikacheka, hata mwalimu mkuu, ambaye Jumatatu huwa hacheki.

"Lakini bibi, sasa inashona au haishoni?" mwalimu akauliza.

Bibi akakohoa. "Inashona. Tena kuliko mwanzo. Ndiyo maana nimekasirika zaidi! Nimewabembeleza mafundi wa mtaa mzima, kumbe fundi yuko kwangu, anakula ugali wangu na kujifanya hajui kitu."

Hapo kicheko kikamwisha Mwalimu Makorokoro. Alikuwa amekumbuka kwamba jina la mtoto huyo halipo ukutani.

"Wewe ulipita kwenye meza yangu?" alimuuliza.

"Nilipita."

"Mbona sikukuona?"

"Uliniona, mwalimu. Uliniambia nisikimbie mlangoni."

Kitendawili: Anapigwa mmoja, wanakimbia wengine. Msomaji ukishindwa, toa mji. Ni kengele ya shule. Lakini sehemu ya pili ya kitendawili hicho hakuna aliyekuwa ameitega hapo shuleni: wanakimbilia wapi?

Risasi alikuwa akikimbilia chekechea kumchukua mdogo wake, kwa kuwa mwalimu wa huko hufunga mlango mapema na kumwacha mtoto kibarazani. Akishamfikisha nyumbani, huketi na bibi yake kupinda pindo na kukaza vifungo mpaka giza linapoingia. Mama yao anafanya kazi mbali, anarudi mara moja moja. Siku ile mezani alikuwa ameliona kufuli, akaligusa, akaanza kuelewa. Kengele ikalia. Akaliacha.

"Nilikaa kwenye benchi pale nje," anasema mwalimu. "Meza yangu haikuwa inapima udadisi. Ilikuwa inapima nani hana mtu anayemsubiri. Nimeondoa soksi, nimeweka kengele."

Kesho yake aliingia mikondo yote mitatu ya darasa la tano na swali moja: nani, kengele ikilia, ni lazima aondoke hata kama hataki? Mikono ikapanda. Mmoja anachota maji kabla bomba halijakatwa. Mwingine anashika kibanda cha mama. Mwingine ana babu asiyejiweza. Mikono mingi ilikuwa ya wasichana. Mtoto mmoja wa kiume alisema yeye huondoka kwa sababu ana njaa.

"Nikamwambia na hiyo ni sababu, wala usiione haya," anasema.

Kulikuwa na tatizo la pili, kubwa kuliko la kwanza. Hata kama Risasi angepewa kiti, darasa lenyewe la vipaji lilikuwa likifanyika jioni, baada ya kengele. Kumpa kiti cha saa ambayo hayupo ni kumkaribisha mtu chakula na kumfungia mlango.

Kwa hiyo mwalimu akapeleka mambo mawili kwenye kikao cha walimu siku ya Ijumaa: meza ya makorokoro iwekwe asubuhi kabla ya mstari, na darasa la vipaji liingie ndani ya ratiba, kipindi cha tatu, Jumanne na Alhamisi. Na kiti kimoja zaidi.

Kipindi cha tatu ni cha hisabati. Mwalimu wa hisabati ni kijana mrefu ambaye watoto humwita Desimali, kwa sababu hakubali kukadiria kitu. Lazima akupe na vipande vyake. Hakuficha hasira yake, na hata leo haifichi.

"Nilimwambia dada yangu huyu, unataka kukamua maziwa uniachie kamba," anasema. "Somo langu mwaka jana lilishika mkia. Ukinitolea watoto wepesi kipindi kizima, mwisho wa mwaka nitakayeitwa ofisini ni mimi, si lile kufuli lake."

Mwalimu Makorokoro hakumbishia.

"Alikuwa na haki," anasema. "Ukitaka kumsaidia mtoto kwa kumwangusha mwenzako, hujasaidia, umehamisha jeraha. Nikamwambia, kaka, sikunyang'anyi. Tubadilishane. Nina vipindi viwili vya ufundi, chukua wewe. Wale kumi wanaokuhangaisha na hesabu, kaa nao peke yao, bila kelele za wengine sitini."

Desimali akataka ahadi hiyo irudiwe mbele ya mwalimu mkuu. Ikarudiwa.

Mwalimu mkuu naye alikuwa na lake. "Majina yameshatoka," alisema. "Viti ni ishirini. Nikiongeza mmoja, kesho wazazi watapanga foleni kutoka hapa mpaka getini, kila mtu na cherehani yake kwenye toroli."

"Simtoi mtoto yeyote," akajibu mwalimu. "Waliomo wana haki, hawakuiba. Naomba kiti kimoja tu."

Aliyejibu ni Desimali, bado amenuna.

"Achukue changu. Mimi nafundisha nimesimama."

Ndivyo ilivyopita, lakini kwa sharti. Mpango ni wa majaribio, muhula mmoja. Alama za hisabati zikishuka, darasa la vipaji litarudi jioni kama zamani. Na likirudi jioni, kila mtu pale anajua ni nani atakayetoka wa kwanza.

Akabaki bibi. Mwalimu alimfuata nyumbani kwake, chumba kimoja chenye dirisha moja, na dirishani ndiko cherehani ilikokaa ili ipate mwanga wote wa nyumba. Sare zilikuwa zimening'inia ukutani kama darasa lisilo na watoto. Bibi hakuacha kushona wakati mgeni akizungumza.

"Kipaji kinavaliwa?" aliuliza. "Kinapikwa? Mwalimu, mimi sikukatai. Lakini nikimpoteza huyu mchana, nani atapinda hizi? Nani atamchukua mdogo wake? Nyinyi mkishamsifu mnakwenda zenu."

Mwalimu akamweleza kuwa sasa ni saa za masomo, si jioni. Cherehani ikasimama. Bibi akauliza mara mbili kama ni kweli, akataka kujua ni saa ngapi hasa, kisha akafikiri.

"Basi saa za shule ni zako," akasema. "Kengele ikilia, ni wangu."

Mwalimu anasema amehudhuria semina nyingi kuhusu usawa wa watoto shuleni, na katika hizo zote hajasikia makubaliano mafupi kuliko hayo.

Leo ni Alhamisi, kipindi cha tatu. Watoto ishirini na mmoja wamezunguka meza. Wiki ya kwanza Risasi alikaa hapa ameikalia mikono yake, ameibana chini ya mapaja. Alipoulizwa, alisema bibi amemkataza kugusa vitu vya watu. Ilibidi aletewe ruhusa kutoka nyumbani, nayo ikaja na maonyo: afungue, lakini asirudi na kitu mfukoni.

Sasa haikalii mikono tena. Anabishana kuhusu mwavuli na mvulana mmoja mnene, mtoto wa mmoja wa walimu wa shule, ambaye jina lake lilikuwa la kwanza kwenye orodha.

"Ubavu ukivunjika unafungwa na waya, basi," anasema mvulana.

"Ukifunga utakuwa mgumu pale. Upepo ukija utavunjika pembeni yake."

"Umejuaje? Wewe umeanza juzi."

"Na mwavuli umeanza lini?"

Darasa linaangua kicheko. Mvulana naye anacheka, anautazama ubavu uliovunjika, anaupinda polepole, na uso wake unabadilika. "Hebu leta waya," anasema. "Tuone nani mwongo." Wanafunga. Risasi anachukua karatasi ngumu, anaupepea mwavuli kwa nguvu. Hauvunjiki. Anakunja uso, anasogea karibu zaidi.

"Umeona?" anasema mvulana.

"Upepo wangu ni mdogo," anajibu. "Tusubiri wa kweli."

Mwalimu amesimama nyuma yao, karibu na dirisha. Hasemi nani yuko sahihi. Anasema hata yeye hajui, na kwamba hiyo ndiyo sehemu ya kazi anayoipenda.

Alama za hisabati za nusu muhula bado hazijatoka. Desimali anasahihisha, na akiulizwa anasema tu kwamba wale kumi wa kipindi cha ufundi wameanza kumuuliza maswali, jambo ambalo hajui aliandike wapi. Wiki iliyopita alikuja chumba cha mwisho mwenyewe, mikono mfukoni.

"Niazime makorokoro yako Jumatatu."

"Azima. Lakini usiwaambie ni mtihani."

"Nitawaambia ni nini?"

"Usiwaambie kitu. Mwaga tu."

Lipo jambo moja linalomnyima mwalimu raha. Tangu meza ihamie asubuhi, ameona wengine sita. Mmoja ni yule mwenye njaa. Alilifungua kufuli kwa kijiti cha kiberiti, akalifunga tena haraka akidhani amekosea. Kwa hao sita hakuna viti, na hakuna mwalimu mwingine aliyebaki wa kufundisha amesimama.

"Nilipigania kiti kimoja nikakipata, nikafurahi siku mbili," anasema, akirudisha pampu ndani ya gunia. "Siku ya tatu nikaona kwamba nikiendelea hivi, nitakufa nikiomba viti."

Kwa hiyo mwaka ujao hataomba kiti. Ataomba meza. Kila chumba cha darasa, kuanzia la kwanza, kiwe na meza yake ya vitu vibovu, na kila mwalimu awe na kipindi cha kusimama nyuma na kutazama. Ameshaanza kuomba vifaa. Wazazi wanaleta pasi zilizoungua na feni zisizozunguka, wanashangaa shule gani hii inayokataa vizima.

Anatambua kwamba mpango huo ukifaulu, hakutakuwa na kazi ya kusimamia darasa la vipaji, wala yeye hataitwa tena kwenye shule za jirani kueleza siri. Analisema hilo huku akifunga mdomo wa gunia kwa kamba, bila huzuni.

"Natamani siku moja aje mgeni," anasema, "aniulize darasa la vipaji ni lipi, nami nizunguke naye shule nzima, nishindwe kumwonyesha mlango."